Viota Vingi, Kasa Wachache: Kwa Nini Ufukwe Hutudanganya

Kwenye pwani ya Terengganu, Malaysia, kuna ufukwe uitwao Rantau Abang. Miaka ya 1950 ulikuwa kati ya fukwe zilizopendwa mno na noa, yule kasa mkubwa kuliko wote, ambaye badala ya gamba gumu amevikwa ngozi nyeusi yenye matuta marefu mgongoni. Viota vya msimu mmoja vilizidi 10,000. Mayai yalifukuliwa karibu yote, msimu huu, na ujao, na unaofuata, na bado noa hawakuacha kuja. Mtu aliyekaa pale akihesabu kwa miaka kumi angeweza kuapa kwamba mayai yanachukuliwa lakini kasa wapo vilevile. Baadaye wakaanza kupungua, na walipoanza hawakusimama tena. Viota vilishuka kwa zaidi ya asilimia 99, na leo noa kupanda Rantau Abang ni jambo la nadra.

Hakuna fumbo hapo. Waliokuwa wakipanda ufukweni ni majike wazima, walioanguliwa miaka mingi kabla. Walitaga kwa sababu walikuwa hai. Waliokosekana ni mabinti zao, na mabinti hao hata wangekuwepo wasingeonekana ufukweni kwa miaka mingi, maana kasa mchanga hukulia baharini na hana shughuli na nchi kavu mpaka akomae. Kwa hiyo pengo lilikuwa likichimbwa kila usiku mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyeliona. Wale wakubwa walipokufa mmoja mmoja, kwa uzee au kwa nyavu za baharini, nyuma yao hapakuwa na mtu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho ufunguo wa mengi yanayowachanganya watu kuhusu uhifadhi wa kasa. Tunauangalia ufukwe kama kioo cha hali ya leo. Kumbe unaonyesha yaliyotendeka miaka 20, 30, hata 40 nyuma. Kasa wa kijani, anayejulikana zaidi katika bahari za joto, huchukua takriban miaka 20 hadi 40 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Jike anayepanda leo usiku aliingia majini akiwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto, katika dunia nyingine kabisa.

Tumwangalie basi anapopanda. Mara nyingi ni usiku. Hutoka majini polepole, husimama, huvuta pumzi, husogea tena, akitafuta mahali palipo juu ya mstari wa maji makuu. Katika hatua hizi ni mwoga sana: tochi moja au mtu anayetembeatembea inatosha kumrudisha baharini bila kutaga. Akiridhika, husafisha mahali kwa mapezi ya mbele hadi mwili wote uingie kwenye shimo pana, kisha huanza kazi ambayo sijaona mnyama mwingine akiifanya kwa umakini kama huo. Kwa mapezi ya nyuma, bila kuona anachokifanya, huchota mchanga kwa zamu, pezi la kulia, pezi la kushoto, mpaka apate shimo jembamba lenye umbo la mtungi. Humo huangusha mayai mia moja na zaidi, meupe, ya duara, yenye ganda laini linalobonyea bila kupasuka. Akishaanza kuangusha mayai hatishiki kwa urahisi, ndiyo maana watafiti husubiri hapo ndipo wampime na kumfunga kitambulisho cha chuma pezini. Machozi anayotoa ni maji ya chumvi yanayotoka kwenye tezi karibu na macho, njia yake ya kutoa chumvi iliyozidi mwilini, na huyatoa hata akiwa baharini. Mwisho hufukia, hurusha mchanga huku na huko ili kupoteza alama, na kurudi majini. Kiota hicho hatakiona tena.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Si kila nyayo za kasa zina kiota mwishoni. Wengine hupanda, hughairi, hurudi. Tena kasa wa kijani mmoja huweza kutaga mara tatu hadi tano kwa msimu, akipumzika kama wiki mbili kati ya kiota na kiota, kisha akakaa miaka miwili hadi minne bila kutaga kabisa, akijijengea mafuta ya msimu mwingine. Viota 1,000, kwa hiyo, ni kazi ya majike mia kadhaa tu, huku dada zao wengine wakiwa malishoni mbali, mwaka huo si wao. Chakula kikiwa tele, wengi hufikia hali ya kutaga kwa pamoja na ufukwe hujaa ghafla. Mwaka unaofuata hupwaya. Ndiyo maana mwaka mmoja mzuri hauthibitishi kitu, na mwaka mmoja mbaya vilevile. Mstari wa miaka 20 ndio unaoanza kusema.

Kwa nini jike arudi hapo na si ufukwe wa jirani? Archie Carr, mwanabiolojia Mmarekani, alianza kuwafunga vitambulisho kasa wa kijani wa Tortuguero, Kosta Rika, miaka ya 1950, na majike wale wale wakaonekana tena pale pale msimu baada ya msimu. Baadaye vinasaba vikaongeza ushahidi. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake, na ilipopimwa ikaonekana kwamba majike wa eneo moja la kutagia wana alama tofauti na za eneo jingine, hata kama wanakula pamoja kwenye malisho yale yale. Maana yake mabinti hurudi eneo walikoanguliwa. Maelezo yenye nguvu zaidi kuhusu namna wanavyopata njia ni uga wa sumaku wa dunia, ambao hutofautiana kidogo kutoka sehemu hadi sehemu ya pwani; kasa huanza maisha kwa kuikariri alama ya kwao. Kasa wanaotaga kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, hula nyasi za bahari kwenye pwani ya Brazili, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo, na hukipata kisiwa hicho kidogo.

Tabia hii ina upande mchungu. Ufukwe ukishapoteza majike wake haujazwi kirahisi na wa kwingine, kwa kuwa wa kwingine wana kwao. Kila eneo la kutagia lina akiba yake, na ikiisha imeisha kwa muda mrefu sana kuliko umri wa mtu.

Sasa tuje kwenye mchanga wenyewe, na hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa sababu ndipo penye jambo linalotisha kuliko yote.

Yai la kasa haliji na jinsia iliyokwisha kuamuliwa. Joto la mchanga ndilo linaloamua, hasa katika theluthi ya kati ya siku za kuatamiwa, ambazo kwa kawaida hukaribia 60. Kwenye joto la karibu nyuzijoto 29, kiota hutoa madume na majike kwa uwiano wa karibu sawa. Ukishuka chini ya hapo kwa kiasi kidogo, madume huongezeka. Ukipanda juu, majike. Tofauti ya nyuzi mbili tatu hutosha kugeuza kiota kizima kuwa cha jinsia moja. Na mchanga ukikaa juu sana, nyuzijoto 33 na kuendelea kwa siku nyingi, mayai mengi hayaanguliwi kabisa.

Joto hilo hutegemea mambo ambayo mpita njia hayatilii maanani. Mchanga mweusi hushika jua kuliko mweupe: huko Ascension, ufukwe wenye mchanga mweusi wa volkeno una joto kwa zaidi ya nyuzi mbili kuliko ule wenye mchanga mweupe, ingawa vyote viko kisiwa kimoja. Kivuli cha miti hupoza. Mvua hupoza. Kina cha kiota kina neno lake, na hata viinitete vyenyewe, vikikaribia kukomaa, hutoa joto lao na kupandisha la kiota. Ukikata miti iliyo nyuma ya ufukwe ili watu waone bahari vizuri, umegusa jinsia ya kasa, na hakuna atakayekuja kukushtaki kwa hilo.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kuhusu kasa wa kijani wa Mwamba Mkuu wa matumbawe wa Australia. Watafiti hawakuchungulia viota. Waliwakamata kasa kwenye malisho yao, wakatambua jinsia ya kila mmoja, na kwa vinasaba wakajua ametoka pwani gani. Miongoni mwa waliotoka fukwe za joto za kaskazini, wazima walikuwa majike kwa asilimia 87 hivi. Wale wachanga walikuwa majike kwa zaidi ya asilimia 99. Waliotoka kusini, kwenye mchanga wa baridi kidogo, walikuwa majike kwa kati ya asilimia 65 na 69.

Tafakari namba hizo ukiwa umekumbuka Rantau Abang. Ufukwe wa kaskazini unaweza kuendelea kujaa majike kwa miongo kadhaa, tena wengi kuliko zamani, maana joto linazaa majike. Anayehesabu viota atafurahi. Dume halipandi ufukweni, halitagi, haliachi nyayo. Kukosekana kwake hakuandikwi popote katika daftari la viota. Kuna faraja kiasi: dume mmoja hupanda majike wengi, na madume huwa tayari kuzaliana mara nyingi zaidi kuliko majike wanaopumzika miaka. Uwiano usio sawa si kifo cha papo hapo, na majike wengi kidogo kuliko madume ni hali ya kawaida ya kasa. Lakini mmoja kwa mia ni habari nyingine.

Ukishaelewa hayo, utaona kwa nini hata huruma inaweza kudhuru. Jambo la kwanza ambalo watu wema hufanya wakikuta viota hatarini ni kuyachukua mayai na kuyazika penye ua na ulinzi. Wakati mwingine ni lazima: kiota kilicho chini ya mstari wa maji kitazama, na kilicho kwenye njia ya mbwa au ya wachimbaji hakina maisha. Lakini ua huo ukijengwa juani, mahali pakavu, pasipo mti, unaweza kutoa majike watupu mwaka hadi mwaka. Kule Rantau Abang, mayai machache yaliyookolewa yalipelekwa kwenye vitotoleo vya aina hiyo, na vipimo vya joto vilipofanyika baadaye vikaonyesha kwamba waliokuwa wakiachiwa baharini walikuwa majike. Waliokoa mayai kwa moyo wote, na hilo silipuuzi. Kilichowakosa ni kipimajoto.

Kuhamisha mayai nako kuna saa zake. Kiinitete husimama kukua kikiwa ndani ya mama, ambako hewa ya oksijeni ni haba, na huanza tena baada ya yai kutagwa. Saa chache baadaye hujishikiza upande wa juu wa ganda. Yai likigeuzwa baada ya hapo, kiinitete hung'oka na kufa, na kwa nje yai linabaki jeupe na zuri. Basi mayai yahamishwe ndani ya saa chache za mwanzo, bila kugeuzwa, la sivyo yaachwe. Mtu asiyejua hili anaweza kuua kiota kizima kwa mikono yake miwili huku akiamini amekiokoa.

Siku ikifika, watoto wa kasa hawatoki mmoja mmoja. Wanaanguliwa pamoja na kuchimba pamoja: walio juu hubomoa dari, mchanga huwapitia na kukanyagwa na walio chini, na sakafu ya kiota hupanda nao kama ngazi. Wakikaribia juu na kukuta mchanga wa moto hutulia. Ukipoa, ambayo ni dalili ya usiku, hutoka wote kwa mkupuo. Kisha huelekea penye mwanga ulio chini karibu na upeo wa macho na kukimbia giza lililoinuka la miti na vichuguu vya mchanga. Kwa mamilioni ya miaka mwanga huo ulikuwa bahari. Taa moja nyeupe ya hoteli au ya barabara hupindua kila kitu, na asubuhi watoto hukutwa wamekauka upande wa nchi kavu. Kati ya madhara yote tunayoyafanya, hili ndilo rahisi kuliko yote kuondoa: zima, funika upande wa bahari, shusha, au weka taa za rangi ya kaharabu na nyekundu ambazo macho yao huzijali kidogo.

Mbio zile za ufukweni pia zina kazi yake. Watoto huwa na kiini cha yai kilichosalia tumboni, mafuta ya safari ya kwanza, na huogelea takriban mfululizo kwa siku nzima au zaidi kuyakimbia maji ya karibu na ufukwe yenye samaki wengi wa kuwala. Wanaowaweka kwenye beseni ili waachiwe kesho mchana mbele ya wageni wenye kamera wanawamalizia mafuta hayo bure, halafu wanawakabidhi kwa ndege wakiwa wamechoka. Nasema wazi: sherehe za namna hiyo zinawafurahisha watu na kuwagharimu kasa.

Hata vikifanyika vyote sawasawa, ufukwe ni nusu ya hadithi, pengine nusu ndogo. Mwaka 1987 wanaikolojia watatu wa Marekani, Crouse, Crowder na Caswell, walichapisha hesabu ya maisha ya duvi, kasa yule mwenye kichwa kikubwa. Waliligawa duvi katika hatua za umri na kuuliza: ukipunguza vifo katika hatua gani, idadi yao itapanda zaidi? Jibu liliwashtua wengi. Kulinda mayai yote, hata kama kila yai lingeanguliwa, peke yake kusingetosha kuzuia kupungua kwao. Kilichobeba uzito mkubwa ni kasa wakubwa wasiokomaa na wale wazima. Ukifikiri, ndivyo ilivyo. Katika watoto elfu moja wanaoingia majini, huenda ni mmoja tu anayefika utu uzima. Aliyekwisha kupita kwenye taya zote hizo, akaishi miaka 25, ana thamani ya viota vingi mno, na wavu mmoja unaweza kummaliza.

Wavu hummaliza kwa sababu kasa hupumua hewa. Ule wa kukokota kambamiti, ukivutwa chini kwa saa kadhaa, humzamisha. Dawa yake ni kichujio: fremu ya nondo iliyofungwa kwa kuinama ndani ya wavu, kambamiti wakapita katikati ya nondo hadi mfukoni, na kasa akagonga fremu na kuteleza nje kupitia tundu. Kilianza kulazimishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wakikipinga vikali, kisha Meksiko. Kwa mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana, ndoana za mviringo hupunguza kumezwa. Nyavu za kutega, zenye macho makubwa, bado hazina dawa nyepesi kama hiyo.

Mfano bora wa ufukwe na bahari kufanya kazi pamoja ni kasa wa Kemp, mdogo, anayetaga mchana na kwa makundi, karibu wote upande wa magharibi wa Ghuba ya Meksiko. Filamu iliyopigwa mwaka 1947 kwenye ufukwe wa Rancho Nuevo ilionyesha makumi ya maelfu ya majike kwa siku moja. Meksiko iliweka ulinzi ufukweni hapo mwaka 1966. Viota vikaendelea kushuka hata hivyo, hadi 702 tu mwaka 1985, kazi ya majike mia chache. Yeyote angesema ulinzi umeshindwa. Miaka michache baadaye vichujio vikaingia kwenye nyavu, na watoto wa miaka ile ya ulinzi, waliokuwa wakikua bila kuonekana, wakaanza kupanda. Kufikia 2009 viota vilikuwa takriban 20,000. Mwaka 2010 vikashuka ghafla, na tangu hapo vimekuwa vikipanda na kushuka. Kasa huyu bado yuko katika hatari kubwa mno ya kutoweka, daraja moja na ng'amba, ambaye gamba lake zuri lilimletea balaa hadi Japani, mnunuzi mkubwa, ilipofunga uagizaji wake mwishoni mwa 1992.

Watu wanaoishi kando ya fukwe wana nafasi yao katika hesabu hii, na si ya kufukuzwa tu. Ostional, Kosta Rika, kasa wa rangi ya zeituni hupanda kwa maelfu katika siku chache, na waliochelewa hufukua viota vya waliotangulia, hivyo mayai mengi ya mwanzo huharibika hata yasipoguswa na mtu. Tangu 1987 wanakijiji wanaruhusiwa kisheria kuchukua sehemu ya mayai ya saa za mwanzo, na wao wenyewe husafisha ufukwe na kuwafukuza wezi na wanyama. Mpango huo unafaa pale kwa sababu ya tabia hiyo ya kutaga kwa msongamano. Kuuhamishia kwenye ufukwe wa ng'amba, anayetaga peke yake akijificha chini ya vichaka, kungekuwa kurudia Rantau Abang.

Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yao duniani kuonekana imepanda kwa karibu asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Ni habari ya kweli na ya kushangilia. Ni matunda ya watu waliolala fukweni miaka ya 1970 na 1980, wengi wakiwa wameshastaafu. Lakini kasa huyo huyo ndiye wa kaskazini mwa Australia, mwenye mmoja tu wa kiume katika mia wachanga.

Kwa hiyo kwenye miradi mingi kazi ya usiku imebadilika. Pamoja na kuhesabu nyayo, mlinzi huzika kipimajoto kidogo, cha ukubwa wa sarafu, katikati ya mayai wakati wa kuyafukia. Hurekodi joto bila kukoma hadi watoto watoke. Siku chache baadaye kiota hufukuliwa, maganda matupu huhesabiwa, na mayai yaliyooza, na waliokwama, kisha kipimajoto hufutwa mchanga na kusomwa. Namba ya theluthi ya kati huandikwa pembeni ya namba ya kiota.